Medali tano ndani ya mkebe: soma ukingo kabla ya kugusa kitambaa

Swali la msomaji: "Baba alipofariki alituachia mkebe wa bati wenye medali tano. Mbili ni za mviringo: moja imekuwa nyeusi tititi, nyingine ni ya manjano yenye mwanamke mwenye mabawa. Hizo mbili zina jina ukingoni na herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki. Tatu zilizobaki, nyota mbili na moja ya mviringo yenye simba, hazina jina lolote. Sonara ameniambia nizing'arishe, na kuna mnunuzi anayeitaka ile nyeusi tu, kwa bei ya fedha kwa uzani. Mimi mwenyewe zimenivutia, natamani kuanza kukusanya medali za askari wa KAR. Nizisafishe vipi, nitajuaje kama ni za kweli, na nianzie wapi nisitapeliwe?"

Usizing'arishe, na usiuze moja kati ya tano. Hayo mawili yakishakubalika, mengine yote yanaweza kusubiri hata mwaka.

Tuanze na huyo mnunuzi. Ile nyeusi ni ya fedha, yenye uzito wa karibu aunsi moja, na hilo ndilo lililoziponza medali za aina yake. Bei ya fedha ilipopaa mwaka 1980 nyingi zilitupwa motoni, na ndiyo sababu leo unaikuta ile ya manjano ikiuzwa peke yake kila mahali, mwenzake hayupo. Anayekupa bei ya uzani analipia madini na kuchukua jina bure. Kama anajua kazi yake, wala hataiyeyusha: ataipeleka kwa mkusanyaji, ambaye hulipia jina lililoandikwa ukingoni, na hulipa zaidi jozi ikiwa kamili.

Sasa, ulichonacho. Kwa maelezo yako, hizo ni medali za vita viwili na yamkini za watu wawili, labda baba na mwanawe. Ile nyeusi ni British War Medal. Igeuze: upande mmoja utaona kichwa cha mfalme George V, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, farasi akikanyaga ngao yenye tai, na miaka 1914 na 1918 pembeni. Ile ya mwanamke mwenye mabawa ni Victory Medal, ya bronzi, na mgongoni imeandikwa THE GREAT WAR FOR CIVILISATION 1914-1919. Zote mbili zina kipenyo cha milimita 36. Victory Medal haikutolewa peke yake. Aliyeipata alipata na ile ya fedha. Kwa hiyo majina ya ukingoni lazima yafanane herufi kwa herufi, namba kwa namba. Yakitofautiana, kuna mtu aliyeziunganisha baadaye.

Angalia pia kisichokuwepo. Aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia kabla ya kuisha mwaka 1915 kwa kawaida alipata na nyota ya bronzi, 1914-15 Star, yenye jina lake mgongoni. Wewe hujaitaja. Jambo linalowezekana zaidi ni kwamba mzee aliingia mwaka 1916 au baadaye, na hilo linaendana na historia: Keya, kama wazee walivyoliita jeshi hilo, lilikuwa na batalioni tatu tu vita vilipoanza, na mwaka 1918 zilikuwa 22. Askari wengi wa vita vile ni wa wimbi hilo la pili. Lakini kuna mtego mmoja: askari ambaye utumishi wake wa siku hizo ulikwishatambuliwa kwa Africa General Service Medal, medali ya kampeni za Afrika tutakayoifikia mbele, hakupewa nyota kwa utumishi huohuo. Kwa hiyo kukosekana kwa nyota ni dalili, bado si ushahidi.

Nyota zako mbili ni za Vita vya Pili. Ukizifuta vumbi kwa brashi laini utasoma maneno yanayozunguka herufi za mfalme katikati. Ya kwanza, kwa askari aliyefika Asia, inapaswa kuwa THE 1939-1945 STAR, na ya pili THE BURMA STAR. Kama moja imeandikwa THE AFRICA STAR, basi mzee alipigana Abisinia, Somalia au Afrika Kaskazini kati ya Juni 1940 na Mei 1943. Ile ya simba ni War Medal 1939-1945: simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Haina fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ndiyo maana haikugeuka nyeusi kama ile nyingine. Utepe, kama bado upo, utakuthibitishia. Wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati na buluu ya kukolea pande zote mbili, kila upande ukiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Wa nyota ya 1939-1945 una mistari mitatu iliyolingana: buluu ya kukolea, nyekundu, buluu ya mbingu.

Kwa nini hizi tatu hazina jina? Kwa sababu Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye medali za kampeni za vita vile kwa majeshi yake, na askari wa Afrika Mashariki waliingia katika uamuzi huohuo. Afrika Kusini, India na Australia waliandika za kwao. Ukweli huu mdogo una mambo mawili ndani yake ya kukulinda. Kwanza, ukikutana na Burma Star iliyochongwa jina la askari wa KAR, jina hilo liliongezwa baada ya medali kutolewa. Huenda ni mwenyewe aliyempelekea sonara, huenda ni mfanyabiashara wa wiki iliyopita. Pili, nyota zako haziwezi kujieleza zenyewe. Kinachozifunga na mzee wako ni mkebe, cheti cha kuachishwa jeshi kama kipo, picha, bahasha, hata kipande cha gazeti zilichofungiwa. Piga picha mkebe ulivyo kabla hujapanga chochote, na andika leo hii nani alimpa nani. Nyota isiyo na jina ikishatoka kwenye mkebe huo bila maandishi, inakuwa moja kati ya maelfu.

Kusoma ukingo

Washa taa moja tu na uiweke chini, pembeni, ili mwanga upite juu ya herufi kwa mshazari. Geuza medali kidogo kidogo na upige picha sita hadi nane kuzunguka ukingo mzima. Herufi zikikataa kuonekana, zungusha karatasi nyembamba juu ya ukingo na uisugue taratibu kwa penseli laini ya 2B. Maandishi yatajitokeza bila kuigusa medali kwa dawa yoyote. Unatafuta vitu vinne: namba, cheo, jina, na kikosi. Andika kama kilivyoandikwa, pamoja na makosa. Usirekebishe tahajia.

Kisha chukua kioo cha kukuza mara kumi, maana hapa ndipo bandia nyingi zinapofia. Kwenye medali za Vita vya Kwanza herufi zilipigwa chapa: nyundo au mashine ilizikandamiza ndani ya madini. Madini yaliyokandamizwa hayapotei, husogea pembeni, kwa hiyo kuzunguka kila herufi kuna kivimbe chembamba na sakafu ya herufi ni bapa. Herufi zilizochongwa kwa ncha huwa na mfereji wa umbo la V na mikwaruzo midogo midogo ya chombo. Zilizochomwa kwa leza zina kina kilekile mwanzo hadi mwisho, na sakafu yake huonekana kama imenyunyiziwa chembe. Jina lililochongwa kwenye British War Medal ya askari wa KAR ni la kutiliwa shaka mpaka lithibitishwe vinginevyo.

Ujanja mkongwe kuliko yote ni kufuta jina la mtu wa kawaida na kuandika la mwenye sifa. Ili kufuta, lazima ukingo ukwanguliwe, na ukikwanguliwa kipenyo kinapungua. Pima kwa kalipa yenye midomo ya plastiki, ya chuma itaacha alama. Pima kutoka kishikio hadi chini, kisha kushoto hadi kulia, kisha mishazari miwili. Tofauti ndogo ni ya uchakavu. Ikizidi robo ya milimita, na upungufu uko palepale penye jina, medali imeandikwa upya. Angalia pia kama ukingo wa sehemu hiyo una mng'ao tofauti au mteremko, na kama kuna vivuli vya herufi za zamani chini ya mpya. Haraka isikufanye umhukumu kila mtu, lakini. Zipo medali ambazo wakuu wenyewe walisahihisha herufi moja au mbili, na zipo zilizotolewa upya baada ya kupotea, ambazo hugongwa neno REPLACEMENT au DUPLICATE. Hizo ni halali. Thamani yake iko chini tu.

Je, medali yenyewe ilitoka kiwandani au kwenye kalibu ya mtu? Za kweli ziligongwa kwa muhuri wa chuma kwa nguvu kubwa, kwa hiyo uwanda wake ni laini na ncha za picha ni kali. Ya kusubu huwa na vishimo vidogo vya hewa, maelezo yaliyolegea kama sabuni iliyotumika, na wakati mwingine mshono mwembamba uliosagwa kwa tupa ukingoni. Tena madini yakipoa hunywea: nakala iliyosubiwa kutoka kwenye medali ya milimita 36 hutoka na takriban milimita 35.3 hadi 35.7. Nyota za Vita vya Pili zinapaswa kuwa na urefu wa milimita 44 na upana wa 38, bila kuhesabu kipete. Kalipa ya bei ndogo itakuokoa kuliko macho ya mtu yeyote.

Kwa medali inayodaiwa kuwa ya fedha kuna jaribio lisiloidhuru. Toa utepe. Pima uzito mkavu kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, na usome tarakimu: huo ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa ujazo huo. Fedha ya asilimia 92.5 hutoa karibu 10.3 hadi 10.4. Shaba na nikeli hutoa kama 8.9, shaba ya njano kama 8.5. Ukipata 10.0 usikate tamaa mara moja, huenda kuna povu la hewa lililojificha chini ya kishikio. Itikise ndani ya maji, pima tena mara tatu. Kama medali imeshonewa kwenye safu na utepe wake wa asili, acha kabisa jaribio hili. Ushonaji wa mzee una thamani kuliko jibu.

Weusi, kijani na unga mweupe

Weusi wa fedha ni salfa ya hewani iliyoungana na madini ya juu. Ni ngozi, na chini yake medali imetulia. Dawa ya kung'arishia haiutoi weusi tu, huutoa pamoja na fedha iliyoubeba; rudia mara kumi na pua ya mfalme inalainika na herufi za ukingoni zinajaa krimu nyeupe inayokauka kama chokaa. Majivu na limau ni mabaya zaidi, yanakwaruza na kuunguza kwa pamoja. Dawa ya kuchovya huacha rangi ya maziwa isiyo na uhai ambayo mkusanyaji huitambua akiwa mbali. Medali iliyong'arishwa na mwenyewe kwa gwaride za miaka yake haina lawama, hiyo ni sehemu ya maisha yake. Ya leo ndiyo isifanyike.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa uchafu. Maji yaliyokenekwa ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala limau, pamba au brashi laini ya mtoto, dakika moja, suuza mara mbili, kausha kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba, kisha iache hewani siku nzima kabla ya kuifungia. Gundi na mafuta ya vidole hutoka kwa asetoni kwenye pamba, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, na kamwe isiguse utepe, rangi wala sehemu zenye vigae vya rangi. Basi.

Kijani kwenye nyota zako kina aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Kijani cha kukolea kilichoshika kama rangi ni utulivu. Kijani cha kufifia kilicho kama unga, kinachorudi wiki chache baada ya kupanguswa, ni chumvi ya kloridi inayoila shaba kutoka ndani, jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa pwani au vilivyolowa jasho. Hicho hakingoji. Kitu chenye kijani hicho kiweke mbali na vingine, kikaushe kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli, na kikiendelea mpelekee mtaalamu wa hifadhi wa makumbusho. Unga mweupe kwenye beji nzito za kijivu ni risasi inayooza kwa mvuke wa asidi, na mara nyingi chanzo ni kabati lenyewe.

Maana sanduku zuri ndilo adui asiyeshukiwa. Mbao za mwaloni na mbao mpya za kubandika hutoa mvuke wa asidi. Kitambaa cha sufu, raba bendi na gazeti hutoa salfa, na fedha itarudi kuwa nyeusi ndani ya miezi. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, ile ya PVC, hutokwa na ute wa kijani unaonata ambao hula shaba. Tumia mifuko ya poliesta, polipropilini au polithini, na karatasi isiyo na asidi. Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Mombasa, Tanga au Unguja hilo haliwezekani bila chombo kinachofunga vizuri na silika jeli. Silika ikishashiba, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, itumike tena. Mkebe wa bati uhifadhi kando kama kumbukumbu, medali zisirudi humo kama una kutu.

Tepe zilizochakaa usizitupe. Ziweke kwenye bahasha yake ya poliesta na ununue mpya kwa ajili ya maonyesho. Kuna jaribio la taa ya UV: tepe na nyuzi zenye dawa ya kung'arisha weupe hung'aa buluu nyeupe, na dawa hizo zilienea kwenye nguo baada ya Vita vya Pili, kwa hiyo utepe "wa 1918" unaowaka kama taa si wa 1918. Ila pamba ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo huwaka vilevile. Taa hiyo huuliza swali tu, uamuzi ni wako.

Kuanza kukusanya

Chagua eneo dogo. Anayesema anakusanya "vitu vya jeshi" hununua kila kitu na hajui chochote. Batalioni moja, au kampeni moja, au jozi za Vita vya Kwanza za askari wa nchi moja, ni uwanja wa kutosha kwa miaka mingi. Batalioni ya mzee wako imekwishakuchagulia mlango.

Medali utakayokutana nayo sana ni Africa General Service Medal, iliyoanzishwa mwaka 1902, mwaka uleule Keya ilipoundwa. Ni ya fedha, milimita 36; mgongoni kuna mwanamke akinyoosha tawi la mtende, simba pembeni yake, na neno AFRICA chini. Utepe wake ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Haikutolewa bila kijibao cha madini chenye jina la kampeni kilichopachikwa juu ya kishikio, na hapo ndipo unapopata jaribio rahisi kuliko yote: linganisha mtawala aliye usoni na kijibao. NANDI 1905-06 inaendana na Edward VII. EAST AFRICA 1913-14 na JUBALAND 1917-18 zinaendana na George V. KENYA, ya tarehe 21 Oktoba 1952 hadi 17 Novemba 1956, inaendana na Elizabeth II peke yake. Ya George VI haipo. Edward aliyebeba kijibao cha KENYA ni kazi ya fundi wa uchochoroni.

Ya KENYA ndiyo nyingi na nafuu, nzuri kwa kujifunzia ukingo. Ujue tu unachoshika: ni medali ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na katika nyumba nyingi waliokuwa msituni na waliovaa hiyo ni ndugu wa damu. Ukiionyesha, andika historia yake yote, usiandike jina la batalioni peke yake.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua kijibao adimu. Tapeli huchukua medali ya kweli ya kijibao cha kawaida, hupachika cha bandia, na jina ukingoni linabaki halali kabisa. Chunguza misumari midogo ya pembeni: ya asili imechakaa sawa na medali, mipya hung'aa au ina risasi ya kulehemu. Kosa la pili ni kupenda safu ndefu. Medali sita kwenye pini moja hupandisha bei, na ni rahisi mno kuongeza nyota zisizo na jina kando ya jozi yenye jina. Angalia alama za kugongana: medali zilizovaliwa pamoja miaka mingi zimegongana, na kovu la moja lina mwenzake kwenye jirani. Nyota isiyo na kovu katikati ya majirani waliopondeka ilikuja jana.

Kutoka upande wa Wajerumani, jeshi lao la kikoloni lililoitwa Schutztruppe, utapewa Iron Cross kabla hujaketi. Acha kwanza. Ni kati ya nishani zinazoghushiwa zaidi duniani, na msalaba wenyewe hauna jina wala hauwezi kuonyesha ulivaliwa Mahiwa, kusini mwa Tanzania, au Verdun, Ufaransa. Ukiwa lazima, kumbuka wa mwaka 1914 kwa kawaida umejengwa kwa vipande vitatu: kiini cha chuma kinachoshikwa na sumaku, katikati ya fremu mbili za fedha zilizolehemiwa ukingoni. Mshono huo uonekane kwa kioo. Kipande kimoja kilichosubiwa, hapana.

Kuhusu mahali pa kununua, minada mikubwa ya London kama Spink na Noonans huuza medali za KAR mara kwa mara. Faida yake kubwa kwako ni kumbukumbu za mauzo yaliyopita, ambazo Noonans imeziweka wazi kwenye tovuti yake: tafuta kikosi na kijibao, soma maelezo ya mia moja zilizouzwa kabla hujanunua ya kwanza. Ukinunua, jumlisha kamisheni ya mnunuzi, bima, usafiri na ushuru kabla ya kutaja bei yako, maana nyundo ikilia hesabu ndiyo inaanza. Kwa muuzaji wa mtandaoni, omba picha ya ukingo mzima. Anayekutumia picha sita za uso na kukwepa ukingo amekwishakujibu.

Na usichimbe. Salaita, Mbuyuni na Maktau, kule Taita Taveta, bado zina mabaki ya mwaka 1916, yakiwemo makombora ambayo hayakulipuka. Risasi nzima na silaha zina sheria zake, sare za jeshi la leo vilevile, na nchini Kenya kutoa nje vitu vya kale kunahitaji kibali chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kofia au koti la zamani ukilipata kihalali, lifunge kwenye polithini na uliweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kuua nondo, kisha lipumzike siku nzima kabla ya kufungua, la sivyo umande utatua juu ya sufu.

Kumtafuta mwenye jina

Nyaraka za Uingereza ziko Kew, London, kwenye The National Archives. Kadi za medali za Vita vya Kwanza ziko katika fungu la WO 372, orodha za waliopewa katika WO 329, na za kampeni za zamani katika WO 100. Kwa Vita vya Pili usihangaike kutafuta orodha kama hiyo ya medali za kampeni. Hapo unategemea cheti cha kuachishwa jeshi na mkebe wako. Lakini ukishajua batalioni, shajara za vita zipo: WO 95 kwa vita vya kwanza, na WO 172 kwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kufika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Shajara za batalioni zake huandika siku kwa siku walikolala na walikovuka. Majina ya askari Waafrika hutajwa humo kwa nadra sana. Usitegemee kumkuta mzee, tegemea kuikuta njia yake.

Tafuta kwa namba kwanza, jina baadaye. Makarani waliandika walichosikia, na wengi waliandikwa jina moja tu, kwa hiyo Juma na Abdalla wamejaa kwenye orodha. Namba bila batalioni nayo haitoshi. Jaribu jina lako la ukoo kwa tahajia zote ambazo sikio geni lingeweza kuzisikia: R kwa L, K kwa G, irabu ya mwisho ikiwa imeliwa, "bin" au "wa" ikiwa imeunganishwa na jina la baba. Mkaribishe pia mzee yeyote wa nyumbani akuambie lile jina la jandoni au la utani ambalo babu alijiandikishia. Mara nyingi ndilo lililoko ukingoni, na ndiyo sababu familia husema medali si ya kwao.